Wiski ya Ireland: Chapa na Viwanda Vyake

Wiski ya Ireland ni pombe kali inayokenekwa kutokana na nafaka, hasa shayiri na mahindi, kisha ikalazwa kwenye mapipa ya mbao ndani ya kisiwa cha Ireland kwa miaka isiyopungua 3. Inapotiwa chupani, kileo chake hakiruhusiwi kushuka chini ya asilimia 40. Masharti hayo yanahusu Jamhuri ya Ireland na pia Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Ufalme wa Muungano. Jina la chupa si lazima liwe jina la kiwanda: chapa nyingi hutoka kwenye mitambo ileile, na zipo zilizohamishwa mji hadi mji bila kubadilishwa jina.

Hilo huonekana wazi Midleton, katika County Cork. Mwaka 1966 mahasimu watatu wa kibiashara, yaani John Jameson na John Power wa Dublin pamoja na Cork Distilleries Company, waliungana na kuunda Irish Distillers. Kiwanda kipya kilianza kazi Midleton mwaka 1975, na mitambo ya zamani ya Dublin ikazimwa. Jameson, iliyoanzia Bow Street mwaka 1780, na Powers, ya mwaka 1791, tangu hapo hukenekwa Cork. Bow Street siku hizi hupokea watalii. Midleton hutoa pia Redbreast, na Green Spot ya wauza mvinyo Mitchell & Son wa Dublin. Tangu 1988 Irish Distillers ni mali ya Pernod Ricard ya Ufaransa.

Fahari ya Midleton ni wiski ya chungu, mtindo uliozaliwa Ireland. Kimea cha shayiri huchanganywa na shayiri isiyooteshwa, kisha pombe hukenekwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba, kwa kawaida mara 3. Chanzo chake ni kodi: serikali ya karne ya 18 ilipotoza kimea, wenye viwanda walipunguza kimea na kuongeza shayiri mbichi. Ujanja huo wa kukwepa kodi ulizaa kinywaji kizito chenye ukali wa viungo, na Redbreast ndiyo inayouonyesha vizuri kuliko zote.

Mapenzi kwa chungu yaliwagharimu Waireland. Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa ushuru Dublin, alipata hataza ya mtambo wa kukeneka mfululizo mwaka 1830. Wakubwa wa Dublin waliukataa. Waskoti wakaupokea na kuuza wiski nyepesi ya bei nafuu. Baadaye vikaja vita vya uhuru, marufuku ya pombe Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, na mgogoro wa kibiashara na Uingereza. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980, kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili tu vinavyokeneka: Midleton na Bushmills.

Bushmills iko County Antrim, Ireland ya Kaskazini, na sifa yake ni wiski ya kimea kitupu. Mwaka 1608 unaoandikwa kwenye chupa zake ni wa kibali cha kifalme alichopewa Sir Thomas Phillips kukeneka katika eneo hilo. Kampuni yenyewe iliandikishwa mwaka 1784.

Ukiritimba wa wawili hao ulivunjwa na John Teeling, aliyeanzisha Cooley, County Louth, mwaka 1987 katika kiwanda cha zamani cha spiriti. Huko zilitoka Tyrconnell na Connemara, ambayo ina harufu ya moshi isiyo ya kawaida kwa wiski za nchi hiyo. Wanawe walifungua kiwanda cha Teeling jijini Dublin mwaka 2015.

Iliyotangatanga kuliko nyingi ni Tullamore D.E.W. Herufi hizo ni za Daniel E. Williams, aliyeingia kiwandani kijana mdogo akapanda hadi umeneja. Kiwanda kilifungwa katika miaka ya 1950, na kwa miongo kadhaa chapa ikategemea mitambo ya wengine, hatimaye ya Midleton. William Grant & Sons ya Scotland iliinunua mwaka 2010, na mwaka 2014 ikafungua kiwanda kipya mjini Tullamore.

Viwanda vipya vimeongezeka sana tangu hapo. Kwa kuwa pombe yao haiwezi kuitwa wiski kabla ya miaka 3, wengi huanza kwa kuuza wiski iliyokenekwa kwingine, yenye nembo yao.