Mkate wa Noeli wa Waswidi na Njia ya Karafuu

Kwetu Makobola sikukuu inaonekana kwanza jikoni. Siku za kawaida tunakulaka ugali wa muhogo, sombe na ndagala. Lakini Noeli na Bonane zikikaribia, hata mwenye mfuko mwepesi anatafuta mchele, nyama kidogo, na unga wa ngano wa kukaanga mandazi. Leo wandugu zetu wengine wanaishi Uswidi, na watoto wao wanafurahia mikate ya Noeli ya Waswidi. Wazee wanauliza: je, watoto hawa wamepotea? Ili tujibu vizuri, tuangalie kwanza ule mkate umetoka wapi.

Waswidi wako na mikate mingi ya Noeli, lakini miwili inajulikana kuliko yote. Wa kwanza unaitwa lussekatt. Ni mkate mdogo wa rangi ya manjano, umekunjwa kama herufi S, na kila upande umewekwa zabibu moja kavu. Unaliwa sana tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lucia, binti wa Sirakusa kule Sisilia aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, kama mwaka 304. Kwa kalenda ya zamani, usiku wa Lucia ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko usiku wote wa mwaka. Mwezi huo, mjini Stockholm, jua linazama mbele ya saa tisa mchana. Ndiyo maana msichana anavaa nguo nyeupe na taji ya mishumaa, anawaletea watu mkate na kahawa gizani. Wa pili unaitwa pepparkaka, ni biskuti nyembamba na kavu, yenye harufu kali.

Sasa tuangalie ndani ya unga. Ile rangi ya manjano ni zafarani. Kila ua linatoa nyuzi 3 tu, na gramu 1 inataka maua kama 150. Zafarani nyingi ya dunia inalimwa Irani. Ndani ya pepparkaka mna tangawizi, mdalasini na karafuu, na mara nyingi iliki, ile ile mama wa pwani anayotia katika mandazi. Hakuna hata kimoja kinachostawi kwenye mashamba ya baridi ya Uswidi. Basi mkate ambao Mswidi anauita mila ya babu zake umejengwa kwa vitu vya wageni. Na hakuna anayemwambia kwamba amepotea.

Hapo kwenye karafuu, tusimame kidogo. Katika miaka ya 1800, Unguja na Pemba zilijaa mashamba ya mikarafuu, hasa tangu Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, kama mwaka 1840. Waliolima na kuchuma walikuwa watumwa. Wengi walitekwa bara, na kati yao wamo watu wa magharibi ya Ziwa Tanganyika: walivushwa ziwa mpaka Ujiji, wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria mwaka 1897. Kwa njia ile ile lugha hii ya Kiswahili ilifika kwetu. Siku hizi karafuu nyingi zinatoka Indonesia, lakini harufu yake kwetu iko na historia. Kwa hiyo mtoto wa Fizi anayekula pepparkaka asifikiri kwamba ni mgeni kabisa mezani pale.

Na Waswidi nao walikuja huku. Mwaka 1921 wamisionari wao wa Kipentekoste walifika Kivu, wakajenga makanisa, mashule na dispensari. Miaka mingi baadaye watu wetu wakaenda kule, lakini wao hawakwenda kwa kupenda safari. Walikimbia vita.

Hatuwezi kuandika juu ya Noeli ya Makobola bila kutaja tarehe 30 Desemba 1998. Kati ya Noeli na Bonane, watu waliuawa katika Makobola II na vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inahesabu zaidi ya watu 800. Tangu siku ile, kwa familia nyingi, majuma haya ya furaha ni majuma ya kilio pia. Wengi walivuka ziwa, wakakaa kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na kutoka kambini wengine wakapelekwa Marekani, Kanada, Australia na nchi za kaskazini mwa Ulaya.

Basi jibu langu kwa wazee ni hili: mkate wa Waswidi hauui mila yetu. Kinachoua mila ni meza isiyo na maneno. Mama aweke lussekatt, na pembeni yake aweke mandazi, wali na sombe. Halafu mtu mzima aseme: zafarani hii imetoka huku, karafuu ilipitia kule, na siye tumetoka Makobola, mahali ambapo hawa na hawa hawakuiona Bonane ya 1999. Wataje majina yao, mishumaa ikiwa bado inawaka. Mtoto atakula, atasikia, na mwaka utakaofuata atauliza yeye mwenyewe.