Ndugu Wasiokufa

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, hapakuwa na neno lililoturudisha nyumbani upesi wakati wa magharibi kama neno "mumiani". Tuliambiwa kwamba mumiani hukamata watu usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Huko Nairobi na Kampala uvumi kama huo uliwaangukia wazimamoto. Lakini sikumsikia hata mzee mmoja akisema kuwa mumiani ana ndugu, au mama wa kumlilia. Alikuwa mgeni asiye na kwao, na hilo ndilo lililotutisha.

Mnyonya damu wa vitabu vya Uingereza naye alianza katika upweke. Mwaka 1819 John Polidori alimwandika kama bwana mkubwa anayeingia katika nyumba za watu na kuziharibu. Mwaka 1897 Bram Stoker akamleta Dracula, aliyevuka bahari kutoka mbali. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1976, pale Anne Rice, mzaliwa wa New Orleans huko Marekani, alipotoa Interview with the Vampire. Humo tunawakuta wanyonya damu wawili wakimlea mtoto wa kike. Mumiani, kwa namna ya kusema, alikuwa amepata nyumba.

Basi mwezi wa Oktoba 2013 ilipoanza tamthilia ya televisheni iitwayo The Originals, tawi la The Vampire Diaries ya mwaka 2009, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Wajukuu wangu walipokuwa wakiitazama niliketi nao kwa nia ya kuwakemea. Badala ya kukemea, nikawa nauliza itaendelea lini.

Kisa chenyewe ni cha ukoo wa Mikaelson. Baada ya kufiwa na mwana mdogo, mama yao mchawi aliwageuza wanawe waliobaki ili wasife. Miaka elfu moja baadaye, Klaus, Elijah na Rebekah wangali wamefungwa na kiapo cha kutoachana milele. Hata hivyo Klaus, akikasirika, humchoma nduguye kwa jambia la uchawi na kumlaza ndani ya jeneza. Mmoja wao, Finn, alilala humo miaka 900.

Tena mji wa kisa hiki ni New Orleans, ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1718. Kabla utumwa haujakomeshwa Marekani mwaka 1865, hapo palikuwa na soko kubwa la watumwa kuliko yote nchini humo, na watu wa nyumba moja walitenganishwa kwa mnada. Katika tamthilia, Klaus anamwokoa mtoto mtumwa kutoka kwenye mjeledi, anampa jina la Marcel na kumlea kama mwanawe. Katika mji wa namna hiyo, kiapo cha kutoachana si neno jepesi.

Watu husema vijana huvutwa na damu na sura nzuri za waigizaji. Mimi naona wanavutwa na undugu usiokatika. Nani asingependa kupewa siku nyingine ya kupatana? Lakini ndugu hawa wamepewa siku zisizohesabika, na kwa sababu hiyo hiyo huahirisha msamaha karne baada ya karne.

Hapo niliguswa. Mimi na kaka yangu tulinuniana miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mpaka wa shamba aliloacha marehemu baba. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Sisi tulilima kweli, kila mtu upande wake, bila salamu. Alifariki kabla hatujasemezana, nami nikasimama kaburini na maneno yangu mdomoni.

Tamthilia ilikwisha Agosti 2018. Klaus, ili kumwokoa binti yake Hope, anakubali kufa, na Elijah anakataa kumwacha afe peke yake. Wajukuu walilia. Mimi sikusema kitu. Asubuhi yake nilikwenda kwa mtoto mkubwa wa kaka, nikamwambia, "Mwanangu, twende tukautazame ule mpaka." Alinitazama kitambo, kisha akaingia ndani kuchukua viatu.