Kukodi ndege kutoka Geita: unalipia nini?

Wasikilizaji wetu huona ndege ndogo zikitua migodini na kutuuliza gharama yake. Jambo la kwanza: hulipii kiti kama kwenye basi. Unalipia ndege nzima, hata ukipanda peke yako.

Bei huhesabiwa kwa saa za kuruka, kuanzia pale ndege inapokaa. Tuseme ndege ya Cessna Caravan inatoka Dar es Salaam kumchukua mgonjwa Chato. Kuja ni kama saa 3, kurudi saa 3. Mgonjwa ataruka saa 3, lakini familia italipia 6. Jeti hufika mapema zaidi, ila saa yake moja ni ghali zaidi, na nyingi hutaka uwanja wa lami.

Huongezwa ada za kutua, muda wa kusubiri, na malazi ya marubani ndege ikilala.

Kwa hiyo, mkichangishana kwa ajili ya mgonjwa, ulizeni kwanza: bei ina safari ya kuja tupu? Ada zimo? Kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA? Msitume pesa kwa simu kabla ya kupata majibu kwa maandishi.