Nani Alisikia Bei Kwanza

Kabla ya simu za mkononi, bei ya mahindi ilifika kwetu Korogwe kwa basi. Dereva aliyelala Dar es Salaam ndiye aliyejua gunia limeuzwa ngapi soko la Tandale jana yake, na sisi wafanyabiashara wa Korogwe tulimpokea stendi kama mkwe: chai ya maziwa, chapati, kiti kivulini. Akishasema, tulipanda lori kwenda Sindeni na Chanika, kule Handeni, kununua kwa wakulima ambao hawakuwa na dereva wa kumuuliza. Faida yetu ilikaa ndani ya yale masaa machache. Nimeishi kwa mahindi tangu nafaka ilipoachiwa watu binafsi miaka ya themanini, na ninaamini kwamba historia ya biashara ya ukanda huu ni historia ya nani alisikia kwanza.

Korogwe yenyewe ilikuzwa na mambo ya mbali. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ilifika hapa mwaka 1902, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba yaliyoizunguka Korogwe, kama Ngombezi, Magunga, Hale na Mazinde, na ilipofika miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge.

Mkonge ulihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, ambacho wazee waliita Silabu. Baba yangu alikuja kwa njia hiyo kutoka Kasulu, akawa mkata mkonge Ngombezi. Alifanya kazi kwa kipande cha siku 30. Siku usiyomaliza sehemu yako haikuhesabiwa. Mimi nimezaliwa kambini, katika nyumba za mstari, na jambo ninalolikumbuka kuliko yote si miiba ya mkonge wala sauti ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikichana majani. Ni safari za baba kwenda posta.

Mwisho wa kipande alivaa shati lake jeupe, tukatembea hadi dirisha la mani oda. Karani alijaza fomu, akahesabu noti, akapiga mhuri, akampa baba stakabadhi aliyoikunja mara nne na kuitia katika kopo la tumbaku. Baba hakujua kuandika. Barua iliyofuatana na hela iliandikwa na karani wa shamba, na barua zote zilianza vilevile: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu huko. Kisha madhumuni: nimewaletea kiasi fulani, mnunulie mama shuka, kinachobaki mpeni kaka. Jibu lilichukua wiki nyingi. Kule Kasulu, bibi yangu alilazimika kwenda posta na mtu wa kumshuhudia kwamba ndiye. Miezi mingine jibu lilikuja likieleza msiba uliokwisha kuanuliwa matanga. Kwa habari za haraka kulikuwa na telegramu, na kwa kuwa ililipiwa kwa neno, watu waliiogopa: aliyeletewa karatasi ile kambini alianza kulia kabla haijasomwa.

Katikati ya miaka ya sitini bei ya mkonge ilianza kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na katika miaka iliyofuata moja baada ya jingine yakaota vichaka. Watoto wa manamba, yaani wa vibarua wale wa mkonge, tukahamia barabarani. Ndiyo maana hadi leo basi la Arusha likisimama Korogwe, madirisha hujaa mabeseni ya machungwa na mahindi ya kuchemsha kabla abiria hajashusha mguu.

Mahindi nayo yalikuwa na zama zake. Katika miaka ya sabini Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua kwa bei moja nchi nzima, na bei hiyo tuliisikia Radio Tanzania sote kwa wakati mmoja, mkulima wa Handeni na mkurugenzi wa Dar es Salaam. Kwa upande wa habari, ule ulikuwa usawa ambao hatukuuona tena kwa muda mrefu. Lakini usawa wa kusikia haukuleta malipo: mkulima alikopwa, akasubiri. Kuvusha nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kuliruhusiwa kilo 30 tu hadi mwaka 1984. Aliyebeba zaidi aliitwa mlanguzi, na vizuizi vilimngoja njiani. Vizuizi vilipolegezwa, redio ikanyamaza kuhusu bei, na ndipo dereva wa basi alipogeuka kuwa mtu mkubwa.

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994 zikiwa za matajiri. Kwetu zilikuja kweli baada ya Vodacom kuanza mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata. Minara ilifuata barabara kuu kwanza: Segera, Korogwe, Mombo. Ndani ya Handeni mtu alipanda kichuguu kutafuta mtandao, na kila kijiji kilikuwa na kichuguu kinachojulikana. Vocha ilikwanguliwa kwa uangalifu, na wengi hawakupiga kabisa, walibipu. Sisi na wakulima wetu tulikuwa na mapatano: bipu moja, mzigo upo, bipu mbili, njoo na lori.

Kilichobadilisha biashara kuliko sauti ni hela. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Kabla ya hapo, fedha za kununulia mzigo tulizificha chini ya kiti cha lori au ndani ya tairi la akiba, na wapo wenzetu waliouawa kwa ajili yake katika mapori ya kuelekea Kilindi. Leo natuma nikiwa Manundu, hapa hapa Korogwe, na neno ninaloambiwa kila mara ni "weka na ya kutolea", maana mkulima hataki makato yamle yeye. Kikwazo kimehamia kwa wakala. Wakati wa mavuno wakala wa kijijini huishiwa noti kabla ya saa nne asubuhi, na mama mwenye laki nane kwenye simu hurudi nyumbani mikono mitupu. Na matapeli wamefika mbali kuliko lami. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeingia hadi vitongoji visivyo na zahanati. Hata baada ya laini zote kutakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, kazi iliyotupanga foleni za vitambulisho vya taifa hadi Januari 2020, ujumbe ule bado unakuja.

Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa. Nilishuhudia stendi yetu ikirudi nyuma kwa muda: bahasha mikononi mwa makonda, jina na namba ya simu juu yake kwa kalamu ya wino. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko, na bahasha zikapungua nazo.

Mitandao ya kijamii ilipoingia, masaa yetu ya dhahabu yalikwisha kabisa. Kundi letu la WhatsApp lina watu wa Tandale, wa soko la Kibaigwa na wa mpakani Horohoro. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Picha ya barua ya katazo hilo ilitufikia haraka kuliko maofisa wengi walivyofikiwa. Jioni ile ile bei ya Korogwe ilikuwa imeshuka, na waliokuwa na magunia njiani kwenda mpakani wakapiga simu kuyarudisha. Siku chache baadaye Kenya ilifungua kwa masharti ya kupima, lakini mkulima aliyeuza kwa hofu ile jioni hakurudishiwa kitu. Wa kwanza kuogopa siku hizi ni yule mwenye bando.

Pamoja na hayo, nafurahi kuona mkulima anavyojibu sasa. Mama mmoja mjane wa Sindeni, ninayenunua kwake kwa miaka, hunipokea hivi:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mama. Mzigo umekauka?"

"Umekauka. Ila Tandale leo ni 750 kwa kilo, mwanangu amenitumia. Wewe unaniachia ngapi?"

Zamani nisingeulizwa swali hilo. Ninalijibu kwa heshima, nikimhesabia nauli ya lori, wapakiaji na ushuru wa halmashauri mbele yake.

Ila kuna jambo ambalo simu haijaligusa, nalo linaniuma. Bei anayoijua ni ya kilo. Anachouza ni gunia. Mnunuzi anakuja na magunia yake, anayashindilia, anayaongezea kilemba kwa kamba mpaka kilo 100 zinakuwa 120 na zaidi. Hiyo ndiyo lumbesa. Imekatazwa na sheria ya vipimo, matangazo yamebandikwa, na bado kila msimu naiona ikipakiwa mchana kweupe. Mama yule anaweza kujua bei ya Tandale kwa dakika na akapoteza debe zima katika gunia moja.

Kijana mmoja wa hapo Sindeni amenunua mizani ya kuning'iniza. Anaitundika kwenye tawi la mwarobaini, anapima gunia moja moja, anapiga picha ya kipimo na kuituma kwa muuzaji na mnunuzi pamoja, kisha anachukua ujira mdogo kwa kila gunia. Wapo wanunuzi wanaokataa kufika kwake. Mimi mzigo wangu wa Sindeni unapita hapo, na mama yule ameshawaambia wanunuzi wengine kwamba asiyekubali mwarobaini asipoteze mafuta ya lori.