Nyumba Isiyokuwa Kwenye Faili

Mama alitaka kuongeza vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu huku Langas. Fundi alipima kwa hatua za miguu, akasema, "Mama, Jumamosi tunachimba msingi." Mimi nikauliza kuhusu kibali. Waliniangalia kama mtu aliyekohoa katikati ya maombi.

Siwalaumu. Mji wetu wenyewe ulianza hivyo. Kabla ya kupewa jina la Eldoret mwaka 1912, ulikuwa posta tu kwenye Shamba Nambari 64, ndiyo maana wengine bado wanauita Sisibo. Kuna hadithi inayosimuliwa hapa kwamba benki ya kwanza ilipokuja, sefu yake ilianguka kutoka kwa mkokoteni wa ng'ombe, ikawa nzito mno kuinuliwa. Basi wakajenga kuta za udongo kuizunguka, na benki ikawa hapo hapo. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na hakuna mahali mchoro unatajwa.

Baada ya uhuru, watu walichanga pesa wakanunua mashamba ya walowezi, wakagawana ploti. Mitaa kama Langas ilizaliwa hivyo. Sheria ndogo za ujenzi za mwaka 1968 zilikuwepo, lakini hizo zilikuwa za mji, na huku kulikuwa shamba. Kisha mipaka ya manispaa ikapanuliwa. Watu hawakuhamia mjini. Mji ndio uliowahamia, ukawakuta ndani ya nyumba ambazo hazikuwa kwenye faili yoyote.

Marehemu baba alijenga yetu kwa mtindo huo. Nilijua hilo siku niliyopeleka mchoro wa vyumba viwili nikaulizwa mchoro wa nyumba yenyewe. Kumbe tulikuwa tunaomba kuongeza vyumba kwa nyumba ambayo kwenye karatasi haipo!

Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inasema ukijenga bila kibali cha kaunti unaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Kwa hivyo ukinyamaza, unaishi ukingoja alama ya X nyekundu ukutani. Ukiomba, umejiripoti mwenyewe.

"Nyumba imesimama miaka hii yote," mama akasema. "Karatasi itaishikilia na nini?"

Nikamkumbusha Huruma, si hii yetu, ile ya Nairobi, ambapo ghorofa lilianguka Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40. Hakujibu. Usiku, tukiosha vyombo, akaniuliza, "Hao wapangaji si watakuja na watoto?"

Tukamlipa mtu wa michoro apime nyumba yote, kuanzia msingi hadi mabati. Alipochimba kando ya ukuta wa nyuma, ule ambao vyumba vipya vingeegemea, alikuta mawe yamepangwa tu, simiti kidogo sana. Fundi aliinama, akaangalia, akanyamaza.

Agosti 2024 Eldoret ikatangazwa kuwa jiji. Sisi bado hatujachimba. Pesa za vyumba zimeingia kwenye ukuta wa baba kwanza. Lakini mchoro upo, na mama huutoa wakija wageni, anawaonyesha kwa kidole: hapa jikoni, hapa chumba cha mzee.