Chenji ya Rada

Rada ya Dar es Salaam ilianza kuzungumzwa mwaka 1992, wakati Rais Ali Hassan Mwinyi yuko katika muhula wake wa pili. Kampuni iliyokuja mezani ilikuwa Siemens Plessey ya Uingereza, na bidhaa yake ilikuwa mfumo wa kuongozea ndege. Kwamba Tanzania ilihitaji rada, hilo halikuwa na ubishi mkubwa: nchi ni pana na ndege za kimataifa zinapita juu yake usiku na mchana. Ubishi ulikuja baadaye, kwanza juu ya bei, kisha juu ya aina ya mtambo, na mwishowe juu ya fedha ambazo mlipa kodi hakuambiwa kwamba zipo.

Mazungumzo yalijikokota miaka saba. Katikati yake Mwinyi aliondoka Ikulu akaingia Benjamin Mkapa, na mwaka 1998 Siemens Plessey ikanunuliwa na British Aerospace, ambayo muda mfupi baadaye ilibadili jina ikawa BAE Systems, kampuni kubwa kuliko zote za silaha nchini Uingereza. Mkataba ulisainiwa Septemba 1999 kwa dola milioni 39.97. Fedha hizo nchi haikuwa nazo mkononi. Zilikopwa kwa benki ya Barclays.

Ili kuelewa uzito wa deni lile, lazima tuukumbuke mwaka 2001. Mwaka huo Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa kuzifutia madeni nchi maskini zenye mzigo mkubwa, baada ya miaka ya kubana matumizi na kuomba. Mwaka huo huo serikali ilifuta ada ya shule za msingi. Watoto wakafurika: wanafunzi waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000 walipita milioni 7 ilipofika 2005. Kila aliyesoma au kufundisha miaka ile anajua hali ya madarasa, watoto wamekaa sakafuni na kitabu kimoja kinapita mikononi mwa wengi. Na ni Desemba ya mwaka huo huo ambapo baraza la mawaziri la Uingereza lilikaa kuamua kama mtambo wa rada upewe kibali cha kusafirishwa kuja Dar es Salaam.

Kikao kile kiligawanyika. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga waziwazi, na Gordon Brown wa hazina hakuridhika. Hoja yao ilikuwa rahisi: haiwezekani kuisamehe nchi madeni kwa mkono mmoja na kuiuzia mtambo wa mamilioni kwa mkopo kwa mkono wa pili. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono biashara, na kibali kikatoka. Benki ya Dunia iliomba maoni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na jibu lililokuja mwaka 2002 lilisema kwamba mfumo ule ulikuwa ghali mno na haukutosheleza mahitaji ya usafiri wa anga wa kiraia. Mtambo ulifungwa hata hivyo.

Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumza hadharani juu ya dalali. Hukumu ya mahakama ndiyo iliyokuja kueleza mpangilio wenyewe, na inafaa kuueleza polepole, kwa sababu ndivyo ulivyotengenezwa ili usieleweke haraka. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Tanzania, Shailesh Vithlani, aliyeajiriwa kuwa wakala wa mauzo. Badala ya mkataba mmoja wa uwakala, ilitengenezwa mikataba miwili. Mmoja ulikuwa na kampuni ya Tanzania iitwayo Merlin, kwa malipo yasiyozidi asilimia 1 ya bei ya rada. Huo ndio ambao mtu angeweza kuuona na kusema sawa, wakala ni lazima ale. Wa pili ulikuwa kati ya Red Diamond, kampuni ambayo BAE ilikuwa imeisajili katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na Envers, kampuni ya Panama iliyokuwa chini ya Vithlani. Malipo ya mkataba huu yalipita asilimia 30. Kati ya Januari 2000 na Desemba 2005 njia hizo mbili zilipitisha dola milioni 12.4, takriban theluthi moja ya bei ya rada. Katika vitabu vya hesabu malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi.

Tafadhali msomaji aishike hiyo sentensi ya mwisho, maana hatimaye ndiyo peke yake iliyofika mahakamani.

Uchunguzi wa BAE uliofanywa na SFO, taasisi ya Uingereza inayoshughulikia udanganyifu mkubwa na rushwa, ulianza mwaka 2004 na uligusa nchi kadhaa. Ule mkubwa zaidi ulihusu Saudi Arabia, nao ulizimwa Desemba 2006 kwa sababu zilizotajwa kuwa ni za usalama wa taifa. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 2007, gazeti la Guardian likaandika habari za kamisheni ya siri ya Tanzania, na suala likaingia Bungeni London. Sina shaka kwamba mfuatano huo wa tarehe uliathiri yaliyofuata. Serikali iliyokuwa imefunga faili la mfalme isingeweza kufunga na la nchi maskini bila kuaibika.

Dar es Salaam wimbi lilifika Aprili 2008. Ilijulikana kwamba wachunguzi wamekuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya kisiwa cha Jersey, mali ya Andrew Chenge, ambaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mkataba uliposainiwa na sasa alikuwa waziri wa miundombinu. Alikana kabisa kwamba fedha zile zilihusiana na rada, na hakuwahi kushtakiwa kwa jambo hilo. Lakini alipoziita “vijisenti” mbele ya waandishi wa habari, hasira za watu zilikuwa kubwa kuliko utetezi wowote. Alijiuzulu uwaziri mwezi ule ule.

Februari 2010 BAE na SFO walifikia mapatano. Kampuni ingekiri kosa moja chini ya sheria ya makampuni ya mwaka 1985: kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Rushwa haikutajwa. BAE ingetoa jumla ya paundi milioni 30, na chochote kitakachobaki baada ya faini ya mahakama kingekwenda kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Upande wa Marekani, ambako mashtaka yalihusu nchi nyingine na taarifa za uongo kwa serikali, kampuni ililipa dola milioni 400.

Tarehe 21 Desemba 2010 shauri lilifika kwa Jaji Bean katika mahakama ya Southwark, London. Hukumu yake ni fupi, na kila Mtanzania anayependa mambo ya sheria aitafute aisome. Jaji alisema waziwazi kwamba ni ujinga uliopitiliza kuamini kwamba wakala huyu alikuwa mshawishi tu mwenye mshahara mnono. Alishangazwa kuona kwamba SFO imeipa kampuni kinga dhidi ya makosa yote ya nyuma, yaliyojulikana na yasiyojulikana. Na aliuona mtego uliokuwa umetegwa mbele yake: kwa kuwa faini ingekatwa kwenye zile paundi milioni 30, kila paundi ambayo angeitoza kampuni ingekuwa imetoka mfukoni mwa watu wa Tanzania. Aliyasema hayo yote, kisha akahukumu kwa kosa lililokuwa mbele yake, kwa sababu hakimu hawezi kumwadhibu mtu kwa shtaka ambalo hakuna aliyelileta. Faini ikawa paundi 500,000, na gharama paundi 225,000.

Hukumu haikusema fedha za Envers ziliishia kwa nani. London hakuna mtu hata mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa rushwa ya rada.

Zilibaki paundi milioni 29.5, zile ambazo Watanzania waliziita chenji ya rada. Hata hizo hazikuja kwa urahisi. Kampuni ilitaka iamue yenyewe namna ya kuzitoa, kupitia kamati yake ya ushauri. Serikali ya Tanzania ilikataa, na wabunge wake wakasafiri hadi London mwaka 2011 kuzidai. Kamati ya Bunge la Uingereza inayohusika na maendeleo ya kimataifa iliwaita wakuu wa BAE na kuwahoji kwa ukali kuhusu ucheleweshaji. Makubaliano yalisainiwa Machi 2012. Zaidi ya shilingi bilioni 70 zikaingia, zikanunua vitabu vya kiada kwa shule za msingi za nchi nzima, na sehemu yake ikanunua madawati. Watoto waliofurika madarasani baada ya ada kufutwa walikuwa wamekwisha kumaliza shule.

Kwa nini kampuni iliponea kwenye kosa la vitabu vya hesabu? Sababu kubwa ilikuwa sheria yenyewe. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, kuithibitishia kampuni kosa la rushwa kulihitaji kuonyesha kwamba mtu wa ngazi ya juu kabisa, mwenye akili ya kuiendesha kampuni, alijua na kukusudia. Kampuni kubwa ina ngazi nyingi, na wa juu hasaini hundi za dalali. Sheria ya Rushwa ya 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, iligeuza mzigo huo. Sasa ni kosa kwa kampuni kushindwa kuzuia rushwa inayotolewa kwa niaba yake, na utetezi wake ni mmoja: ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuizuia. Idara za uzingatiaji sheria, ambazo leo zinawahoji mawakala na wazabuni hadi Kariakoo na Mombasa, zilipata nguvu zao hapo.

Na mara ya kwanza kosa hilo la kushindwa kuzuia rushwa lilipofika mahakamani, fedha zilikuwa tena za Tanzania.

Mwaka 2012 serikali ilitafuta kukopa dola milioni 600. Benki ya Stanbic Tanzania na ndugu yake wa London, Standard Bank, zilipendekeza ada ya asilimia 1.4. Baadaye ada hiyo ikapanda hadi asilimia 2.4, na ile asilimia moja iliyoongezeka, dola milioni 6, ikapelekwa kwa kampuni ya Dar es Salaam iitwayo EGMA. Hakukuonekana ushahidi wa kazi iliyofanywa na EGMA. Mwenyekiti wake alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, akiwa bado kazini. London haikuuliza, iliamini kwamba Dar es Salaam imekwisha kuuliza.

Machi 2013 fedha ziliingia katika akaunti ya EGMA, na ndani ya siku chache zaidi ya dola milioni 5 zikatolewa taslimu. Wafanyakazi wa Stanbic wenyewe ndio walioshtuka, wakapeleka habari juu. Mwezi uliofuata benki ilijisalimisha kwa mamlaka za Uingereza. Watu wale wa benki hawajapewa sifa wanayostahili. Faili la rada lilihitaji miaka ya upelelezi na gazeti. Hili lilifunguliwa na mtu aliyeona kiasi kikubwa mno cha noti kinatoka, akakataa kunyamaza.

Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza katika historia ya Uingereza. Benki ililipa adhabu ya dola milioni 16.8, ikarejesha faida ya dola milioni 8.4, na serikali ya Tanzania ikapata dola milioni 6 pamoja na riba. Safari hii jina la kosa liliandikwa wazi: kushindwa kuzuia rushwa. Kwa watu binafsi, kesi ilianzia mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Kamishna wa zamani na wenzake walishtakiwa mwaka 2016, na kwa kuwa utakatishaji fedha haukuwa na dhamana, walikaa mahabusu zaidi ya miaka minne hadi shauri lilipomalizwa kwa makubaliano mwaka 2020. Benki ilimaliza kesi yake kwa hundi. Binadamu waliisubiri yao gerezani, na sioni haki katika tofauti hiyo, hata kwa wale wanaokiri.

Uchunguzi wa nje nao si wa kutegemewa milele. Februari 2025 Rais Donald Trump aliamuru usimamizi wa sheria ya Marekani dhidi ya rushwa ya nje usitishwe kwa muda ili utazamwe upya. Mwezi uliofuata Uingereza, Ufaransa na Uswisi zilitangaza kikosi cha pamoja cha waendesha mashtaka wa rushwa ya kimataifa. Nchi ambako rushwa hiyo huwa inalipwa zilibaki kusubiri kuona nani ataendelea kuchunguza.

Tanzania ina hatua moja mkononi mwake. Tangu 2020 sheria inataka kampuni zimtaje kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mmiliki manufaa, yaani mtu wa kweli anayefaidika nyuma ya jina. Ulaya ilikuwa imekwenda mbali zaidi na kufungua daftari kama hilo kwa kila raia, hadi Novemba 2022, mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg iliposema kwamba kuliacha wazi kwa kila mtu kunaingilia faragha ya wamiliki. Naiheshimu faragha, anwani ya mtu na familia yake si mali ya umma. Lakini mwenye kampuni inayopokea sehemu ya mkopo wa taifa ameingia katika jambo la umma kwa hiari yake, na jina lake linapaswa kusomeka kwa mwandishi wa habari wa Mwanza sawasawa na linavyosomeka kwa mpelelezi. Envers ilisajiliwa Panama, na katika miaka yote ambayo dola zile zilikuwa zikilipwa hakuna raia wa Tanzania aliyekuwa na mahali pa kwenda kuuliza ni ya nani.