FILTA YA OILI YA NISSAN KWENYE TOYOTA: INAINGIA, LAKINI...

Wadau, swali hili haliishi kwenye maduka ya spea na gereji za mtaani: filta ya Toyota imekosekana, hii ya Nissan si inaingia? Jibu fupi ni kwamba ndiyo, inaingia. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia, maana kama ingegoma kabisa kila mtu angekuwa salama.

Tunazungumzia filta ya kopo, ile ambayo fundi anaizungusha kwa mkono kwenye kibomba chenye thredi kinachochomoza kwenye bloku la injini. Ukizipanga kumi mezani za kampuni tofauti, kwa macho zote ni ndugu: kopo, raba ya duara, tundu moja kubwa katikati na matundu madogo pembeni. Zinapotofautiana ni kwenye vitu vitatu ambavyo jicho halivioni vizuri: thredi, raba na valvu za ndani.

THREDI

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Toyota nyingi zenye filta ya kopo, kama Vitz, IST, Probox na nyinginezo zenye injini ya 1NZ-FE, zinatumia thredi ya inchi. Kwenye katalogi utaiona imeandikwa 3/4-16 UNF, yaani upana wa robo tatu ya inchi na meno 16 kwa kila inchi. Nissan za miaka ya karibuni, Honda, Mazda, Mitsubishi, Subaru, Suzuki na Hyundai, nyingi ziko kwenye thredi ya milimita inayoandikwa M20x1.5, yaani upana wa milimita 20 na milimita moja na nusu kutoka jino hadi jino.

Sasa piga hesabu. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Kwa hiyo tofauti ya upana haifiki hata milimita moja. Nafasi kati ya jino na jino kwenye ile ya inchi ni milimita 1.5875, kwenye hii nyingine ni 1.5. Hakuna fundi wa kuziona tofauti hizo kwa macho, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini.

Ukichukua filta ya Toyota ukaipeleka kwenye Nissan, tundu ni dogo kuliko kibomba. Inashika kidogo mwanzoni halafu inagoma. Ukiilazimisha kwa spana unaharibu thredi, lakini walau injini imekupigia kelele mapema.

Kinyume chake ndo hatari. Filta ya Nissan ikiwekwa kwenye kibomba cha Toyota inateleza vizuri, tena kwa urahisi kuliko filta yake halisi. Raba ikigusa bloku inakaza, unaongeza robo tatu ya mzunguko, inashika. Unawasha, hakuna tone. Fundi anafuta mikono, mteja analipa.

Ndani yake mambo ni hivi. Meno ya filta ya M20 yanaacha tundu la takriban milimita 18.4 kutoka ncha hadi ncha. Kibomba chake halisi kina milimita 20, hivyo kila upande meno yanaingiliana kwa kama milimita 0.8. Kibomba cha Toyota kina 19.05, hivyo yanaingiliana kwa milimita 0.33 tu. Hiyo haifiki nusu, ni kama asilimia 40. Tena hayo meno hayalingani hatua, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na machache na si yote. Unachokisikia mkononi kuwa "imekaza" ni raba iliyobanwa ikisukuma ncha za meno.

Kwa nini iwe shida wakati filta ni kopo tupu la kupitisha oili? Kwa sababu ya presha. Asubuhi injini ikiwa ya baridi oili ni nzito, na ukikanyaga mafuta presha inaweza kufika kilo tano kwa kila sentimita ya mraba. Raba ya filta ndogo ya Toyota ina upana wa ndani wa karibu milimita 55, ambao ni eneo la kama sentimita za mraba 24. Zidisha kwa tano. Unapata karibu kilo 120 zinazolisukuma kopo litoke kwenye bloku, na zinashikiliwa na yale meno ya 0.33. Ni sawa na kuning'iniza mifuko miwili na ushee ya saruji kwenye kile kibomba.

Meno yakiruka, raba inafunguka na pampu yenyewe inaimwaga oili barabarani. Vitz ya 1NZ inabeba lita 3.7 tu pamoja na filta, na kwa mwendo wa safari hazichukui muda kuisha. Taa nyekundu ya oili itawaka, lakini watu wengi wanaisoma vibaya. Wanadhani inasema "oili imepungua, ongeza ukifika", kumbe inasema presha imeshaondoka na beringi za krenkishafti ziko kavu sasa hivi. Ni kuzima papo hapo, hata kama uko katikati ya mlima.

Mafundi wengine watakujibu, "mbona nimefunga nyingi tu na hazijarudi?" Inawezekana kabisa. Filta ya namna hiyo inaweza kumaliza servisi nzima kwenye gari la kuzunguka mjini polepole. Haijakutana na asubuhi ya baridi ya Makambako na dereva mwenye haraka.

RABA

Hata thredi zikilingana, kazi haijaisha. Volkswagen nyingi za petroli nazo zinatumia 3/4-16, sawa na Toyota. Lakini raba yake ina upana wa nje wa zaidi ya milimita 70, wakati ile ndogo ya Toyota iko karibu na 62. Sehemu ya bloku iliyolainishwa kwa ajili ya raba imechongwa kwa kipimo chake. Raba pana kuliko hapo inakalia ukingoni au kwenye chuma kisicholainishwa. Inaweza isivuje leo ikavuja injini ikishachemka.

(Na hili si la kubadilishana ila linaua injini nyingi vilevile: angalia kama raba ya zamani haijabaki imenata kwenye bloku. Raba mbili zikipandana, ya nje itachomoka.)

VALVU ZA NDANI

Hizi hazitakumwagia oili, zinakula taratibu. Ya kwanza ni ya baipasi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi, valvu hii inafunguka ili oili ipite bila kuchujwa, maana oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Baadhi ya injini zina valvu hiyo kwenye bloku, kwa hiyo filta zake zinaweza kutengenezwa bila nayo. Chukua filta kama hiyo ufunge kwenye injini inayoitegemea filta, halafu subiri karatasi izibe. Presha ya kuifungua nayo inatofautiana. Subaru wanajulikana kwa kutaka valvu ngumu, karibu kPa 160, na filta nyingi za magari mengine zinafunguka mapema zaidi. Zina M20 ileile, zinaingia bila matatizo, ila oili inapita bila kuchujwa mara nyingi kuliko alivyokusudia mtengenezaji.

Ya pili ni ile raba ya ndani inayozuia oili isirudi injini ikizimwa. Kwenye filta iliyolala ubavu au iliyopinduliwa juu ya injini, hii ni lazima iwe nzuri. Ikikosekana utasikia injini ikigonga kwa sekunde chache kila asubuhi.

MAJINA TOFAUTI, FILTA MOJA

Upande wa pili wa shilingi, kuna kubadilishana kulio halali kabisa, kwa sababu nembo ya mbele haisemi nani ametengeneza injini. Toyota Passo na Daihatsu Boon ni gari moja. Mitsubishi Delica D:2 ni Suzuki Solio. Toyota 86 na Subaru BRZ zinashea injini ya Subaru.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mazda Familia Van. Kuanzia 1994 ilikuwa Nissan AD iliyobandikwa nembo ya Mazda, na toleo lake la mwisho la namna hiyo lenye injini ya HR15 linachukua filta ya Nissan, M20. Mwaka 2018 Mazda wakaachana na Nissan wakachukua Probox. Jina la gari ni lilelile, nembo ni ileile, ila filta sasa ni ya Toyota, robo tatu ya inchi. Ukienda dukani kusema "nipe filta ya Familia" umecheza bahati nasibu.

Hata ndani ya Toyota mambo hayako sawa. Axio ya 1.5 yenye 1NZ-FE ina filta ya kopo, ya 1.8 yenye 2ZR ina filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe chenye kifuniko. Hapo taja kodi ya injini, na kifuniko usikikaze kama nati ya tairi. Toyota wanataka Nm 25 tu, na ile raba ya duara ibadilishwe kila mara.

UKIWA DUKANI

Soma boksi au kopo, nyingi zimeandikwa thredi yake. Kwa filta za VIC, tarakimu ya kwanza inakuambia kampuni: C-110 ni ya Toyota, C-224 ni ya Nissan. Zikiwa hazina maandishi, kipimo cha venia kwenye kibomba kinamaliza ubishi: 19 au 20. Ukubwa wa kopo si kigezo. Refu kidogo lenye thredi, raba na valvu zilezile halina ubaya kama halitagusa kitu.

Na kama filta sahihi imekosekana kabisa na servisi imefika, acha ya zamani palepale. Filta yako iliyotumika inashinda mpya isiyo yake. Mwaga oili, weka mpya, lita 3.4 badala ya 3.7 kwa ile Vitz, na filta ikipatikana wiki ijayo unaibadili peke yake na kuongeza kilichopungua.